Kampuni Niliyofungua Nikiwa Garini

Kosa langu la mapema kabisa lilikuwa kumwambia dada yangu arekodi upya. Alikuwa amenitumia kutoka Jeddah masomo ya kwanza yote, kwa sauti yake mwenyewe, na nyuma ya sauti hiyo ilisikika feni ya jikoni ikivuta moshi. Nikamwambia hayafai. Kisha nikayafuta, nisije nikashawishika kuyatumia.

Mimi ni dereva wa familia moja Riyadh. Dada ni mkubwa wangu, na ndiye aliyetangulia kuja nchi hii. Alikuwa akifanya kazi za ndani Jeddah, analala hukohuko kwa mwajiri. Mwaka wake wa kwanza aliteseka kwa kukosa maneno. Madam anataka pasi, yeye analeta ufagio, na watoto wa nyumba wanacheka mpaka wanajishika mbavu. Alipozoea, akaanza kuwafundisha wasichana wa kwetu kwa simu kabla hawajapanda ndege: utaambiwa hivi ukitakiwa kuharakisha, sema hivi ukiwa mgonjwa. Hakuwatoza kitu. Mimi ndiye niliyeona kwamba pale pana biashara. Programu ya simu, Kiarabu cha jikoni kwa wanaojua Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyesimama kwenye jiko lenyewe.

Kuandika programu nilijifunza peke yangu, garini, nikisubiri familia imalize kununua vitu. Kompyuta niliuziwa na Mkenya mwenzangu wa mtaa wa Al-Shumaisi, na baadhi ya herufi zake zilikuwa zimefutika. Sijawahi kuwa na mwalimu, na nadhani ndiyo sababu nilikuwa na hofu isiyoisha. Niliamini kwamba mtu yeyote aliyesoma akifungua kazi yangu atacheka. Kwa hiyo nilikuwa nabadilisha rangi ya kitufe kimoja jioni nzima, halafu kesho yake nairudisha ile ya kwanza.

Hapa siwezi kufungua hata kibanda cha chai. Ikama yangu, kibali cha kukaa, inasema dereva wa nyumbani, na kafili wangu, mwajiri anayenidhamini, ni mmoja. Ndipo niliposoma kuhusu nchi moja ndogo kule kaskazini mwa Ulaya ambayo karibu kila kitu chake kinafanyika kwenye mtandao. Mtu wa popote anaweza kufungua kampuni huko bila kuhama alipo. Wana washauri wa kampuni changa, mafunzo ya bure, na ukiandika swali asubuhi unajibiwa kabla ya jua kuzama, kwa adabu, kwa jina lako. Sikuwahi kuandikiwa vile na ofisi yoyote ya kwetu. Niliwapenda watu hao. Nasema ukweli, niliipenda nchi ambayo sijawahi kuikanyaga.

Jambo moja tu halikuwa la mtandaoni. Kadi yao ya utambulisho lazima uichukue mwenyewe, kwenye ofisi ya wakala wao hapa mjini, na pasipoti mkononi. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye sefu ya baba wa nyumba. Nilifanya mazoezi ya maneno ya kumwambia, kwa Kiarabu, mbele ya kioo cha gari.

"Unataka kukimbia?" aliniuliza.

"Sikimbii, baba. Kuna kadi naenda kuchukua. Ya kampuni."

"Kampuni ya nani?"

"Yangu."

Alinitazama, kisha akamwita kijana wake aliyekuwa ndani. "Njoo umwone mudiri! Dereva wetu amekuwa mudiri!" Walicheka wote wawili, si kwa ubaya, na pasipoti akanipa. "Yalla, mudiri. Kabla watoto hawajatoka shule uwe umerudi." Tangu siku ile nikawa mudiri, yaani mkurugenzi. Mudiri, gari lina vumbi. Mudiri, umesahau maziwa.

Nilivumilia, kwa sababu kadi ilikuwa mfukoni. Kampuni niliisajili nikiwa nimeegesha nje ya kliniki ya meno, na kabla madam wa Riyadh hajatoka kung'olewa jino nilikuwa nimemaliza. Baadaye nilichaguliwa kwenye mpango wao wa kusaidia kampuni changa. Mshauri wangu alikuwa msichana wa umri wangu hivi, nyuma yake ukuta mweupe na ua kwenye chungu. Aliniambia: waonyeshe watu wachache wiki hii, hata kama kazi ni mbaya. Niliitikia kwa kichwa mbele ya kioo cha simu kama mtu aliyeelewa. Moyoni nilijiambia ananijaribu aone kama mimi ni mtu wa kulipualipua kazi.

Wakati huohuo dada alikuwa anasubiri likizo. Mwanawe alikuwa anaingia shule ya upili, ya bweni, na dada alikuwa amemwahidi kwamba safari hii atampeleka mwenyewe, amtandikie kitanda. Madam wake alikuwa amekubali. Tiketi tu ndiyo iliyobaki kununuliwa. Yote haya niliyajua nilipompigia kuhusu feni.

"Wee, hao wasichana wanakuja kufanya kazi studio?" alisema. "Wanakuja jikoni. Wacha waisikie hiyo feni."

"Dada, wazungu watasikiliza."

"Wanajua Kiswahili?"

"Hawajui."

"Sasa si watasikia feni tu!"

Nilicheka, lakini sikuacha. Nikamwambia ni mara moja tu, atafute mahali palipotulia. Nikamtumia na sentensi nyingine mpya, kwa kuwa nilikuwa nimeamua somo la pili ni fupi mno.

"Sawa, mkurugenzi," akasema, na akashusha pumzi.

Mahali palipotulia palikuwa chumba cha kuwekea mablanketi, karibu na sebule ya wanawake. Alijifungia humo madam akiwa na wageni. Somo la pili lilikuwa kuhusu madam. Kwa hiyo madam alipopita kwenye korido alimsikia mfanyakazi wake, ndani ya chumba kilichofungwa, akisema kwa Kiarabu polepole, akirudiarudia: madam amelala. Madam amekasirika. Madam ana wageni. Sentensi hizo niliziandika mimi.

Madam alifungua mlango akauliza habari zake anapelekewa nani. Dada akajaribu kueleza kwamba ni masomo, ni kampuni ya mdogo wake.

"Kampuni iko wapi?"

Dada hajui kudanganya. Akasema Ulaya.

"Ulaya! Unapeleka sauti ya nyumba yangu Ulaya?"

Simu ikachukuliwa hapohapo. Na likizo? Halas. Mafi safari, hakuna kwenda.

Mimi sikujua. Niliona kimya, nikadhani amenikasirikia, nami nikakasirika kwa kuwa siku ya kuwaonyesha watu wa mpango kazi yangu ilikuwa inakaribia. Hilo linaniuma kuliko mengine. Habari nilizipata kwa rafiki yake anayepanga chumba Al-Mahjar, hukohuko Jeddah, aliyekutana naye dukani. Baadaye baba wa nyumba alipokwenda Jeddah kwa shughuli zake, nilimwendesha, na alipolala mchana nikaenda kusimama mtaani kwa dada mpaka akatoka na mfuko wa taka.

"Umekuja kurekodi?" ndiyo salamu aliyonipa.

Nikamwambia nitaongea na madam wake, nitamwonyesha karatasi za kampuni aone ni jambo halali.

"Usithubutu. Ukimwonyesha hizo karatasi za Ulaya sitatoka humu."

"Na mtoto?"

"Mama atampeleka. Ameshanunua godoro." Akatupa mfuko kwenye pipa, akajipangusa mikono kwenye abaya. "Nimemwambia, kwa simu ya rafiki yangu, kuwa nimekosa ndege. Na wewe akikuuliza useme hivyohivyo."

"Nisamehe, dada."

"Nenda. Kuna kamera pale mlangoni."

Siku ya kuonyesha kazi nilitumia sauti ya kompyuta. Ilikuwa safi, haina hata pumzi, na maneno ya Kiswahili iliyatamka kama mtu anayesoma bei. Mshauri wangu aliuliza yako wapi yale masomo ya dada niliyomweleza mwanzoni. Nikasema yalikuwa na kelele. Akasema kelele isingekuwa shida, je, ninayo bado? Nikasema niliyafuta. Akaandika kitu.

Hawakunichagua kuendelea na mpango. Barua yao ilikuwa ya upole kama zote, ikasema kushindwa ni sehemu ya safari na wanaheshimu wanaoshindwa mapema. Niliisoma garini nikakasirika. Huko kwao ukishindwa unarudi chumbani kwako, chenye ua kwenye chungu, unaanza jingine. Mimi niliposhindwa, aliyekosa safari hakuwa mimi. Lakini nikitulia najua kwamba hawakunidanganya. Walisema onyesha kazi mbaya. Aliyemtuma dada kwenye chumba cha mablanketi si wao.

Dada alimaliza mkataba akarudi Kenya, na mtoto tayari alikuwa amezoea shule. Anasema alipokwenda kumtembelea, kijana alimpokea kwa heshima, kama mgeni. Dada ana kibanda cha kuuza nguo sasa. Tunaongea Jumapili, juu ya mama na bei ya vitu, na sijamwomba tena sauti yake.

Kampuni nimeifunga. Bado ni dereva wa familia ileile. Masomo nayatoa bure, kwa sauti yangu, jinsi yanavyotoka mara ya kwanza, bila kurekodi upya, na wasichana wachache wanayasikiliza.