Mgonjwa Niliyemuua Kwenye Fomu

Jambo hili nimekaa nalo mwaka mzima na nusu. Leo nalitoa. Mkitaka kunicheka nichekeni, mkitaka kunitukana foleni ianzie hapo chini.

Siku ya usaili wangu wa mwisho wa upasuaji, mgonjwa niliyemuua alikuwa ameketi mbele yangu anakunywa chai.

Wala si mzimu. Mtu mzima, mnene kiasi, miwani puani, biskuti mkononi.

Tulieni niwaeleze.

Mimi ni daktari. Ukimaliza chuo na mwaka wa mafunzo kwa vitendo unavaa koti jeupe, mama yako anatamba mtaa mzima. Lakini ukitaka kuwa bingwa wa upasuaji, hiyo ni shughuli nyingine kabisa. Lazima uombe upya. Nafasi nane, waombaji mia tatu. Na chuo kile kina sheria: fani moja unaomba mara tatu tu. Ukikosa ya tatu, katafute fani nyingine.

Mimi nilikuwa nimeshakosa mara mbili.

Mara ya kwanza hawakuniita hata kwenye usaili. Mara ya pili waliniita, wakaniuliza kwa nini upasuaji, nikajibu, "Kwa sababu naupenda." Mzee mmoja wa jopo akapiga mwayo hadi nikaona jino lake la dhahabu.

Mara ya tatu nikasema sirudii ujinga. Nikamtafuta Mkakati.

Mkakati nilisoma naye darasa moja. Jina hilo tulimpa wenyewe, maana hata kwenye foleni ya chakula alikuwa anapiga hesabu ni mhudumu gani ana mkono mwepesi. Yeye aliomba mara moja tu, akapata. Wakati huo alikuwa mwaka wa pili wa upasuaji, anatembea kama mwenye hospitali.

Tulikutana kwenye mgahawa wa hospitali yao, kofia ya chumba cha upasuaji bado iko kichwani mwake. Alikuwa na dakika ishirini. Mimi mguu wangu ulikuwa unacheza chini ya meza, vikombe vinalia.

"Tuliza mguu, lete fomu," akasema.

Akaanza na barua za mapendekezo. "Huyu nani?"

"Muuguzi mkuu wa hospitali ndogo nilikofanyia mafunzo. Tunamwita Mama Wodi. Nimefanya naye kazi mwaka mzima, ananijua mpaka ninavyopiga chafya."

"Mtoe."

"Juzi kanipigia mwenyewe. Anasema ana kitu changu, anataka kukiambatanisha na barua yake."

"Dada yangu, unataka kupata au unataka kupendwa? Barua ya muuguzi haina uzito. Tafuta jina ambalo jopo likiliona linakaa sawa kwenye kiti. Nenda kwa Profesa."

Nikamtumia Mama Wodi ujumbe: "Samahani mama, niko bize, nitakupigia." Sikumpigia.

Profesa hakunijua hata kwa sura. Alinifundisha tukiwa watu mia mbili ukumbini, na mimi nilikuwa nakaa nyuma. Alinisikiliza huku anatafuta funguo za gari, akasema, "Andika mwenyewe, lete nisaini."

Jamani, nilijisifia! Niliandika kwamba mimi ni nadra, ni hodari, nina mikono tulivu, mpaka nikaona haya peke yangu chumbani. Akasaini akiongea na simu. Hakusoma hata mstari mmoja.

Ikabaki insha. Ukurasa mmoja, "Eleza tukio lililokufanya uchague fani hii."

Mimi nilikuwa na tukio langu la kweli. Nilipokuwa mafunzoni, aliletwa mama mmoja fundi cherehani. Utumbo umetoboka, tumbo gumu kama ubao, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Daktari wetu wa upasuaji alikuwa safarini. Ikabidi tumpeleke hospitali kubwa ya chuo, saa mbili barabarani, na wa kumsindikiza nikawa mimi.

Ndani ya gari la wagonjwa ndoano ya kutundikia dripu ilikuwa imevunjika. Nikaishika chupa kwa mkono, juu, saa mbili nzima. Presha inashuka, mama anataka kulala. Nikaogopa akilala haamki. Nikamwambia, "Mama, usinilalie. Nifundishe kushona kola."

Basi akanifundisha. Sauti inakatika, lakini ananifundisha. Kata vipande viwili. Weka kitambaa kigumu katikati. Shona pande tatu, acha wa nne. Akisinzia namuuliza, "Halafu?" Anafumbua macho, "Halafu punguza pembe, mwanangu." Hapo tukawa tumefika getini.

Wakamvuta kwenye machela. Daktari wa zamu akamtazama, akaninong'oneza, "Huyu sidhani." Nikarudi na gari lile lile. Kesho yake wagonjwa wengine, kesho kutwa wengine. Sikupiga simu kuuliza. Kusema ule ukweli, niliogopa jibu. Baadaye nikasahau kuogopa, nikasahau na kuuliza.

Mkakati aliisoma akashusha pumzi.

"Nzuri. Ila mwisho uko wapi?"

"Mwisho siujui."

"Insha isiyo na mwisho haiendi popote. Yangu ilikuwa na mtoto aliyenifia mikononi, nikapata. Watu mia tatu, kila mtu ana gari la wagonjwa. Mama lazima afe. Afe mikononi mwako, wewe uape kwamba hatakufa mwingine kwa kukosa mpasuaji. Na hayo ya kola futa, yanachekesha."

"Lakini sijui kama alikufa."

"Si uliambiwa 'sidhani'? Basi kafa. Nani atakwenda kufukua?"

Nikaondoka na maneno hayo. Siku tatu sikutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa. Mama yangu akawa ananipigia kila baada ya saa moja, "Vipi mwanangu, umetuma?" Alishawatangazia majirani wote.

Siku ya nne nikafuta kola. Nikamuua fundi. Nikatuma.

Na unajua kilichoniuma? Waliniita ndani ya wiki mbili. Mkakati akanitumia vidole gumba vitano.

Tukafanya mazoezi ya usaili, yeye jopo, mimi mwombaji. "Ukifika kwenye kifo, inamisha macho. Vuta pumzi. Hesabu mpaka tatu. Ndipo useme." Tulirudia mpaka nikawa naweza kuhuzunika kwa kufuata saa.

Siku yenyewe ikafika. Koridoni tulikuwa kumi na wawili, viti kumi, mimi hata kilipobaki kitupu sikukikalia. Nilizunguka mpaka katibu akaniuliza kama natafuta choo.

Nikaitwa. Meza ndefu, watu watano. Wanne nawajua kwa sura. Wa tano sikumjua.

Mwenyekiti akasema, "Huyu mama ni mwakilishi wa wagonjwa. Tumeanza mwaka huu. Tunataka na mtu aliyewahi kulazwa hapa atuambie daktari gani angependa amkute kitandani."

Nikatabasamu kwa heshima. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Akamega biskuti yake.

Maprofesa wakauliza yao, nikajibu vizuri. Naapa niliwaka siku ile. Mwenye jino la dhahabu hakupiga mwayo hata mmoja. Nikaanza kuiona nafasi yangu, ile pale, bado kuinyakua tu.

Mwenyekiti akageuka. "Mama, una swali?"

"Ninalo." Akaivuta insha yangu karibu. "Mwanangu, huyu fundi uliyemwandika hapa, alifariki saa ngapi?"

Nikainamisha macho. Nikavuta pumzi. Moja, mbili, tatu.

"Saa tisa na robo alasiri, mama. Nilikuwa nimemshika mkono."

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

"Ule wenye kovu la pasi?"

Habari za kovu sikuandika popote.

Akaweka biskuti kwenye sahani, akaulaza mkono wake mezani. Juu ya kiganja, kovu jeusi lenye ncha, umbo la pasi kabisa.

"Nilipoisoma hii nyumbani nilisema mafundi ni wengi," akasema. "Lakini sauti hiyo naijua. Nimeitafuta miaka miwili."

Akainama mbele, juu ya meza.

"Kama ni wewe, niambie. Tuliishia wapi?"

Wale maprofesa wakatazamana. Hawakuelewa swali. Mimi nilielewa.

"Kwenye pembe," nikasema. "Ulisema nipunguze pembe kabla sijageuza. Halafu tukafika getini."

Akavua miwani. Machozi yalimtoka, na mimi yangu yalikuwa yameshatangulia, na safari hii sikuhesabu mpaka tatu.

"Ulidhani nimekufa, au ulitaka niwe nimekufa?"

"Sikuuliza, mama."

"Simu ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Nililazwa jengo hili hili siku ishirini na sita. Kila koti jeupe likipita nasikiliza sauti."

Mwenyekiti akafunga faili polepole. "Asante, daktari. Unaweza kwenda."

Nikasema, "Nisameheni," nikatoka. Koridoni kuna mtu aliniuliza wameuliza nini, nikampita.

Majibu yalitoka baada ya siku tisa. Sikupata. Mara tatu zikawa zimeisha, na upasuaji ukaniaga hivyo hivyo.

Nilimpigia mama kwanza, akalia. Halafu nikampigia Mkakati. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema hiyo ni bahati mbaya ya karne.

"Nikuulize kitu," nikamwambia. "Yule mtoto wa kwenye insha yako. Alikufa kweli?"

Nikasikia anafunga mlango upande wake.

"Mkakati?"

"Sijui," akasema. Akakata simu.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa Mama Wodi. Nilimkuta kwenye kile kichumba chake cha dawa, anahesabu glavu. Hakuniuliza nimekujaje. Alifungua droo, akatoa bahasha imekunjika pembe.

"Hiki ndicho kitu chako. Yule fundi alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, miezi miwili baada ya wewe kumpeleka. Wewe ulishahama na namba ulibadilisha. Nilipoipata nikakupigia, ukaniambia uko bize."

"Ulitaka kuiambatanisha na barua yako?"

"Barua yangu ilikuwa mistari miwili. Nilitaka wasome hii."

Nikaifungua nimesimama. Mwandiko wa kalamu ya buluu, umelala upande mmoja.

"Kwa daktari wa kike mwenye sauti nzito. Jina lako sikulishika, nilikuwa naumwa. Waliniambia hapa kwamba uliponifikisha mkono wako ulikuwa hauwezi kushuka, wakakusaidia kuushusha. Nimepona. Nikijisikia vibaya usiwe na shaka, nakumbuka ulivyokuwa unauliza 'halafu?' Natamani madaktari wote wangekuwa wanauliza hivyo. Njoo dukani. Hatujamaliza kola."

Nilikaa chini, sakafuni, kwenye maboksi ya glavu. Nililia mpaka Mama Wodi akafunga mlango ili wagonjwa wasidhani kuna msiba.

Barua hiyo ndiyo ingeniingiza. Ilikuwa kwenye droo, na mimi nilikuwa kwenye ofisi ya Profesa najisifia mikono tulivu.

Nikaenda dukani kwake, Mama Wodi kanielekeza. Nilizunguka mtaa mara nne kwanza. Alikuwa kwenye cherehani, akanitazama juu ya miwani.

"Nilikupa sifuri," akasema.

"Najua, mama. Ilinistahili."

"Ungeandika habari ya kola, ningekupa alama zote. Na wale wazee ningewasumbua mpaka wakupe." Akasukuma kiti kwa mguu, akanirushia kipande cha kitambaa. "Kaa. Mkasi huo hapo. Punguza pembe."

Nikakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi mguu wangu kutulia.

Mwaka uliofuata niliomba fani nyingine, udaktari wa usingizi. Ni yule anayekulaza kabla hujapasuliwa na kukaa karibu na kichwa chako mpaka uamke. Niliambatanisha barua mbili, ya Mama Wodi na ya fundi. Kwenye insha niliandika yote, pamoja na kumuua mtu aliye hai na kukosa nafasi kwa sababu hiyo. Mkakati angezimia. Jopo likaniuliza swali moja tu: "Na sasa huyo mama yuko wapi?"

"Yupo nyumbani kwake," nikasema. "Nimeongea naye asubuhi. Goti linamsumbua."

Nikapata.

Sasa kila ninayemlaza nahakikisha nipo anapofumbua macho, na wakihamishwa napiga simu. Wengine wamekufa. Hao nao nawaulizia, nasikiliza mpaka mwisho. Kola yangu ya kwanza imepinda vibaya, naivaa hivyo hivyo chini ya koti.

Kwa hiyo wewe unayejaza fomu wiki hii, unayetafuta jina zito na kifo cha kuwaliza wazee, sikia la dada yako. Kabla hujaandika habari za mgonjwa wako, mpigie simu kwanza.