Ghuba Niliyosema Haina Jina

Harufu ya sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, waliokaushwa, kwenye duka moja la barabara ya Chaussée de Wavre hapa Ubelgiji, hunirudisha mtaa wa Laeken, kwenye meza ya Koko, bibi yangu mzaa mama, siku nilipomtafsiria uongo.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mwanamke mmoja wa chuo kikuu, Mbelgiji mpole mwenye kinasa sauti kidogo, alikuwa akikusanya majina ya zamani ya ufuo wa Ziwa Kivu ili yaandikwe kwenye ramani. Koko alizaliwa huko, na Kifaransa chake kilikuwa cha dukani tu, basi mkalimani nikawa mimi. Saa sita rafiki yangu Grâce angenisubiri kwenye kituo cha treni cha Porte de Namur. Ilikuwa saa tano na nusu.

Koko hakuwa na haraka. Kidole chake kilitambaa juu ya karatasi: hapa jiwe la kuanikia nguo, hapa rasi ambapo upepo hugeuka. Kila jina lilikuja na watu wake, ndoa zao na ugomvi wao. Nilikuwa nikitikisa miguu chini ya meza, na habari ya dakika tano niliitoa kwa maneno matatu. Mama alikuwa akiniambia kila mara kuwa haraka haraka haina baraka. Mimi niliona methali hiyo imetungwa na watu wasio na marafiki.

Ndipo akafika kwenye ghuba ndogo, akashusha sauti.

"Hapa banapaita Usiniite," alisema, akaanza kueleza habari za dada yake. Nikatazama saa, sikumsikiliza tena. Mgeni aliponigeukia, nikamjibu kwa Kifaransa kwamba pale hapana jina.

Kifaransa cha dukani kilitosha kuelewa hilo. Koko akakunja mikono.

"Bon, sawa. Aandike tu vile mutoto anasema."

Hakutaja jina jingine. Nikakimbilia metro, treni ya chini ya ardhi. Mimi na Grâce tulitazama viatu madirishani, na sikumbuki hata kimoja.

Koko alifariki kabla ramani haijachapishwa. Nilipoipata, nikiwa mtu mzima, ile ghuba ilikuwa tupu. Sikutulia wiki nzima. Nikamwandikia yule mwanamke, naye akanitumia sauti alizorekodi.

Humo nikasikia kwamba dada yake Koko aliitwa Nabintu. Alikuwa akivuka kwa mtumbwi, na Koko, wakati huo mtoto wa umri niliokuwa nao siku ile ya ramani, alikuwa amechoka kumngoja ufukoni. Akamwita kwa jina. Nabintu akasimama kuitikia, mtumbwi ukapinduka, asionekane tena. Tangu siku hiyo, pale hakuna anayemwita mwenzake. Kisha inasikika sauti yangu, nyepesi, ikisema hapana jina.

Sasa jina limo kwenye ramani, nililituma mwenyewe. Lakini imenichukua miaka kuelewa jambo moja. Mgeni alitaka jina tu, na jina lilikuwa limekwisha kutajwa. Yale mengine yote, habari za mtoto aliyeshindwa kungoja, Koko alikuwa akiniambia mimi.