Helmeti za Kisilu

Mimi si mtu wa mambo ya mizimu. Kanisani kwetu wakikemea pepo, mimi huwa nafikiria petroli. Kwa hivyo ninaposema hii ilinitokea, usinihesabu pamoja na wale wanaosimulia mambo waliyoambiwa na binamu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika pikipiki. Uliza mtu yeyote steji ya bodaboda ya Kambu, atakuonyesha nyumba ya Kisilu, na ukifika utajionea.

Wakati huo trafiki walikuwa wameanza msako. Ukipatikana bila helmeti, wewe au abiria wako, pikipiki inalala stesheni, na ikilala huko watoto nao wanalala njaa. Tukakimbilia kwa Kisilu. Alikuwa na kibanda kando ya barabara ya Mombasa, helmeti zimening'inia kwenye waya kama vibuyu, nyeusi tititi, zinang'aa. Zilikuwa rahisi kuliko za madukani mjini Wote. Nani angeuliza kwa nini? Nilinunua moja, nikaivaa kila siku nikijiona mtu mwenye akili.

Jioni moja jua lilikuwa linazama. Nilikuwa nimeshukisha abiria, narudi steji, nikamwona mama amesimama kwenye kalvati, lile daraja dogo la mfereji, pale barabara inapopinda. Amejifunga leso, mkononi ameshika helmeti kwa mkanda wake. Akanipungia.

"Nipeleke kwa Kisilu wa helmeti," akasema. "Nyumbani, si kibandani."

"Sawa, mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba. "Lakini vaa hiyo helmeti, trafiki wako mbele."

"Hii haivaliki tena."

Akapanda. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, kwa sababu pikipiki haikushuka. Abiria akikaa nyuma, hata awe mwembamba vipi, springi hulia. Zangu zilinyamaza. Tukapanda kilima cha kwa Kisilu kama niko peke yangu, nikajidanganya eti ni sevisi niliyoifanyia pikipiki majuzi.

Katikati ya njia akagonga helmeti yangu kwa kidole. "Na hii?"

"Nayo nilinunua kwake."

"Simama uiangalie."

Sijui kwa nini nilitii. Nikaivua. Akapitisha ukucha juu ya rangi, taratibu, kama mtu anayemenya kiazi kilichochemshwa, na rangi ikabanduka. Chini yake kulikuwa na ufa mrefu, umejazwa ile fila ya mafundi wa magari ya kuzibia bodi. Kando ya ufa kulikuwa na maandishi mekundu. Niliyasoma huku nikitamani yawe kitu kingine. Yalisema: MUTUKU POLEPOLE.

Mutuku alikuwa rafiki yangu wa steji. Jina hilo aliliandika mwenyewe kwa rangi ya kucha ya mke wake, tukamcheka siku nzima. Lori lilipomgonga, helmeti yake haikuonekana, tukadhani imeviringika vichakani. Kumbe Kisilu alifika pale kabla yetu. Niamini, kichwa changu kilikuwa kimeishi ndani ya kitu ambacho rafiki yangu alikufa amekivaa, tena nikikipangusa vumbi kila asubuhi.

Sikumwuliza yule mama yeye ni nani. Mimi ndiye niliyesema, "Twende."

Kisilu alikuwa uani, kwenye kiti cha plastiki, mkebe wa rangi miguuni, anapaka helmeti nyingine. Mke wake alikuwa anapepeta ndengu. Kisilu aliinua macho, akaniona, akaanza kutabasamu. Kisha akamwona mama. Brashi ikamponyoka.

"Mama Mwende," akasema kwa sauti ndogo. "Si tulikuzika?"

"Ulikuja mazishini, ukala wali," yule mama akajibu. Hakupaza sauti. "Uliniambia hii ni ngumu, nisiogope. Ilipasuka kama yai pale kalvatini, na mimi ndani yake." Akamnyooshea helmeti. "Vaa."

Na Kisilu akavaa. Hakuna aliyemshika. Alikuwa analia, lakini mikono yake mwenyewe iliichukua, ikamvika, ikamfunga mkanda chini ya kidevu. Nilisikia ukishika. Mara moja akaanza kuukwaruza.

"Inabana." Akaniita kwa jina. "Mwanawa, nifungulie."

Nilikuwa karibu, ningemfikia kwa mkono. Nilikuwa nimeshika helmeti ya Mutuku. Sikusogea, na nikikuambia nilimhurumia nitakuwa nakudanganya.

Mke wake ndiye aliyemkimbilia. Akavuta mkanda, akashindwa. Majirani wakaja, wakashindwa. Nilipogeuka, yule mama hakuwepo, na vumbini hapakuwa na alama ya miguu yake. Fundi aliyeitwa aje na msumeno wa chuma alikata mpaka meno ya msumeno yakaisha. Helmeti iliyopasukia kalvatini ilikuwa imekuwa ngumu kuliko reli.

Ilipokatika hatimaye kwa msumeno wa pili, kichwa hakikuwa na jeraha. Lakini Kisilu mwenyewe hakurudi. Hadi leo anakaa kwenye kiti kile, na jioni ikiingia anashika kichwa kwa mikono miwili na kumwomba kila anayepita amfungulie. Mke wake humwinamia, akafungua mkanda usiokuwepo, akainua helmeti isiyokuwepo, akaiweka chini. Asipofanya hivyo hawalali.

Asubuhi iliyofuata tulienda kibandani, tukakwangua rangi zote. Tulikuta majina, tukakuta na ya watu tuliowabebea jeneza. Familia zilikuja kuchukua zao. Mke wa Mutuku aliikumbatia ya mumewe, akaondoka nayo. Zilizobaki tulizichoma kando ya lami, na hakuna trafiki aliyetuuliza.

Sasa nina helmeti mpya, na ya abiria mpya. Usipovaa, sikubebi, hata kama ni hapo tu. Na yako, kabla hujaifunga, chunguza imetoka wapi.

Lakini sijamaliza. Wananisimamisha bado. Juzi jioni alinisimamisha kijana mwenye jaketi la reflekta lililoraruka, akataja mwuza helmeti wa soko jingine, akapanda, na springi hazikulia. Kwa hivyo wewe unayeziokota barabarani na kuzipaka rangi, nikuambie mapema. Mimi sina neno na wewe. Mimi ni boda tu. Mtu akiniomba nimlete kwako, sitamwuliza kama yuko hai. Nitamleta mpaka mlangoni, na nitangoja.