Mtungi wa Shaba wa Hekaluni

Mtaani kwetu bado wapo wanaosema kwamba marehemu mume wangu alimwaga mungu wa Wahindu. Hakumwaga. Aliongeza maji, na kati ya mambo hayo mawili pana tofauti kubwa.

Alikuwa mwashi. Watu walimwita Timazi, kwa sababu ile kamba yenye risasi chini, ya kupimia kama ukuta umesimama wima, haikutoka mfukoni mwake hata akienda kumjulia hali mgonjwa. Hekalu lilikuwa mtaa wa pili. Lilianza kama banda la mabati la wauza nguo. Wajukuu zao wakalijenga kwa mawe, wakaweka mnara na kengele. Kwa miaka kumi na minane mume wangu alilipaka chokaa kabla ya sikukuu ya taa, akivua viatu mlangoni kama waumini. Alijua saa ya kengele ya asubuhi, saa ya kumvisha mungu maua, na saa ya mchana ambapo pazia hufungwa ili mungu apumzike. Hapo alishuka ngazi, akaweka nyundo chini.

Mwaka mmoja ukuta wa nyuma ya madhabahu ukapasuka, zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya siku ya kuitembeza sanamu barabarani kwa ngoma. Ni sanamu ya mungu mwenye kichwa cha tembo, nayo ilikaa palepale penye ufa. Kuhani akafanya ibada, kisha akamwita mume wangu.

"Sasa bwana fundi, waweza kuisogeza. Hili ni jiwe tu. Mwenyewe tumemhamishia humu."

Akamwonyesha mtungi wa shaba katika chumba cha pembeni, umejaa maji, umezungushiwa uzi, mdomoni una majani mabichi na nazi. Kazi ikiisha, maji hayo ndiyo yangemrudisha mungu katika sanamu.

Kila siku mume wangu aliumwagilia ukuta mpya usikauke haraka. Siku ya tisa, ndoo mkononi, alipita chumba cha pembeni akaona maji ya mtungi yamepungua vidole viwili. Joto lilikuwa kali. Kwa mwashi, maji yakipungua huongezwa. Akainua nazi, akajaza, akairudisha. Ndipo akakumbuka kwamba mungu mwenyewe alikuwa ndani ya maji yale.

"Nani kakuona?" nilimwuliza kesho yake, tukinywa chai.

"Hakuna."

"Basi funga mdomo. Ukisema tutaitwa wachafua mahekalu, na jina hili nimelilinda tangu unioe."

"Mama watoto, siku ile watatembeza nini?"

"Sanamu yao."

"Na mimi nimesimama getini, najua. Ukuta uliopinda haunyooki kwa kupakwa rangi."

"Wewe na kuta zako. Haya, nenda ukanyolewe bila maji."

"Maji nimeshatia mwenyewe," alisema, akachukua kofia.

Yaliyofuata alinisimulia aliporudi kutoka hekaluni, alikokwenda kumwambia kuhani alichofanya. Mwenyekiti wa hekalu, mwenye duka la vitambaa, alikuwapo, naye alitaka aletwe fundi mwingine siku hiyohiyo. Wageni walikuwa wameshaanza kufika kutoka mbali, wangeambiwa nini?

Kuhani aliuliza jambo moja tu. "Maji ya wapi?"

"Ya bomba. Ya kumwagilia ukuta."

Kuhani akaitoa nazi mdomoni mwa mtungi. "Ibada itaanza upya. Tutachelewa siku tatu." Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Na huyo fundi mwingine, angekuja kuniambia?"

Sikukuu ikasogezwa, mtaa ukauliza kisa, na uvumi ukazaliwa hapo. Mwenyekiti hakumsalimu mume wangu mwaka mzima. Lakini sanamu ilipopita getini, Timazi alikuwa pale, kofia mkononi, na kwa miaka kumi na mmoja iliyobaki ya uhai wake kuhani hakumruhusu mwashi mwingine kuugusa ukuta ule.

Mwezi uliopita umeonekana ufa mwingine, chini ya dirisha la madhabahu. Aliyekuja kubisha hodi kwetu ni mwenyekiti yuleyule, sasa anatembelea mkongojo, akimwulizia mwanangu, ambaye naye ni mwashi. Nilimpa mwanangu timazi ya baba yake.

"Mtungi usiuguse," nilimwambia. "Na ukiugusa, sema siku hiyohiyo."