Sista Asiye na Uso

Mji mzima wa Iloilo ulimjua Loreng kwa kuchora masista. Wenzake walichora maua na machweo wakauza. Yeye masista tu: wa shule akisahihisha madaftari, wa hospitali akikunja shuka, wote kimya kimya. Jirani yake Pasing hakuacha kumchokoza. "Kwani wanaume wameisha mjini, Loreng?" Loreng alicheka naye, akaendelea kupaka rangi. Hakumwambia kwamba katika kila sura alimtafuta dada yake Benilda, aliyeingia utawa wa ndani, ule wa kutotoka tena, Loreng akiwa bado mtoto wa shule.

Mkono mtupu haulambwi. Bibi harusi yeyote aliyewapelekea watawa mayai ili waombe mvua isinyeshe siku yake, Loreng alimbebea kapu, apate kuongea na dada yake. Lakini nyuma ya nondo za dirisha la kuongelea na wageni palikuwa na pazia jeusi. Sauti aliipata, sura ilikuwa ikimtoka kichwani mwaka hadi mwaka, na jambo hilo lilimuuma sana.

Benilda alipotimiza jubilei ya utawa wake, aliomba achorwe, na Mama Mkuu akaruhusu pazia lifunguliwe kwa saa moja.

Likavutwa. Loreng akaona mwanamke mzee mwenye kidevu cha mama yao, na macho yaleyale. Penseli ikalala mkononi.

"Mbona huchori, we mtoto? Saa haitungoji."

"Nimekuja kukuona, dada. Kuchora nitachora nyumbani."

"Ningetaka kuonwa ningeomba kuonwa. Mimi nimeomba kuchorwa."

"Kuna tofauti gani?"

Benilda alishika nondo. "Ukichora unainama, nami napata kukutazama. Ukinikodolea macho hivyo nalia tu, sioni kitu. Na mimi sijakuona tangu ulipokuwa unasukwa mikia miwili, mdogo wangu."

Loreng alikuwa na njaa ya uso ule tangu utotoni. Aliutazama mara moja tena, akainama juu ya karatasi. Alichora shela, mkunjo kwa mkunjo, polepole, bila kuinua kichwa, mpaka aliposikia pete za pazia zikiteleza kwenye fimbo, likifungwa tena.

Picha hiyo imetundikwa kwenye chumba cha wageni cha watawa. Maharusi wanaoleta mayai huuliza mbona sista huyu hana uso. Loreng huwajibu kwamba muda haukutosha, na hilo si uongo.