Nilimdanganya mama nasomea udaktari, na grades zangu hazikutosha

Habari zenu wakuu. Hamnijui na siwajui, ndiyo maana naandika hapa. Sitaongeza chumvi, hii yenyewe inatosha.

Mimi ni wa Boito, kwetu tunalima chai. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilipata A-. Biology A, Chemistry A, Kiswahili A. Halafu Physics B na Math C+.

Hiyo C+ niliificha. Mtu akiuliza nilisema "A minus" na kunyamaza.

Kanisani mchungaji akaniita mbele, wazee wakaniwekea mikono wakiniombea niwe daktari. Tangu siku hiyo nikawa Daktari. Mtu amekuja kupimisha majani chai buying centre, ananionyesha goti limevimba!

Nikajaza medicine kwa choices zote za form ya chuo kikuu. Mwalimu alinionya kwamba B ya Physics inaniruhusu tu kuomba, nafasi zenyewe huchukuliwa na wenye A. Nikamwona mwoga.

Nilikosa zote. Kulikuwa na awamu ya pili ya kuchagua course zingine, sikujaza kitu. Ningeanzaje kusomea kingine na watu wameshaniombea udaktari?

Siku ya wenzangu kureport chuo, nami nikafunga sanduku. Nyumbani niliwaambia nimepata scholarship. Nikashukia Londiani, nikapata kibarua cha kuchimba viazi.

Wakuu, upweke niliujulia huko. Group ya class inajaa picha za makoti meupe, na mimi naziwekea like kwa kidole chenye udongo. Shambani hakuna aliyejua mimi ni nani, na nyumbani walikuwa wanamwombea mtu ambaye hayupo. Kuna siku nilijikuta naongea na jembe, na sitanii.

Mama alinipigia kila Jumapili. Uongo nilishauzoea: leo tulikuwa lab, kesho tuna mtihani wa CAT.

Mwezi uliopita akapiga mchana, niko katikati ya shamba.

"Daktari, hii dawa ya pressure naona niwachane nayo, siku hizi nasikia tu vizuri. Sister wa dispensary amekataa, lakini nimemwambia nangoja mtoto wangu aseme."

Ningesema ndiyo, angeacha kweli.

"Mama, usiache. Msikize huyo sister, usiniulize mimi. Mimi sisomei udaktari. Sikuitwa. Niko Londiani nachimba viazi."

Nikaangalia simu kama amekata.

"Tangu ile siku ulitoka hapa?"

"Eeh, mama."

"Sasa huko ni nani anakupikia?"

Nilikaa chini kwenye matuta nikalia, mtu mzima.

Mama anaendelea na dawa. Baba hajanipigia mpaka leo.

Nilichojifunza: kama grades zako zinapanda na kushuka kama zangu, mwonyeshe mtu zote, hata ile mbaya, kabla hujajaza form. Na uweke course ya pili ambayo unaweza kuishi nayo.

Sasa nawaza diploma ya clinical medicine, ama nirudie Math na Physics. Waliopitia hapo nisaidieni, hata mkinichapa maneno sitakasirika.

Lakini kuna swali linalonisumbua kuliko hilo. Mama amesema nirudi Ijumaa. Kuna mtu hapa amewahi kurudi nyumbani hivi? Ulipofika mlangoni, ulisema nini?