Mpea wa Solange Kerbrat

Solange Kerbrat alikuwa na ulimi mkali, mwenyewe alijua, na hakuona sababu ya kubadilika. Kwa miaka thelathini na moja alitunza miti ya matunda katika bustani ya kasri, katikati ya Paris. Kasri lilijengwa kwa ajili ya malkia mjane. Baadaye wakaja wanamapinduzi, wakaja wanajeshi, wakaja waheshimiwa wa bunge, na kila aliyekuja aliikuta mipea iko pale pale. Watu wa mtaani hawakujali sana nani anatawala. Walikuja kuvuta viti vya chuma kwenye jua, kuwaacha watoto wasukume mashua za mbao bwawani, na kugombana juu ya sataranji.

Mti mkongwe kuliko yote ulikuwa mpea mmoja uliolazwa ukutani, matawi yamefungwa kwenye waya kulia na kushoto. Solange aliuita Bibi. Mwaka mmoja barafu iliupasua gome, naye akaufunga vitambaa kama mgonjwa hadi ukapona.

Oktoba hiyo akaja mkuu mpya wa bustani, Bwana Aubrac, mtu wa kusini, nchi ya mapichi, ambako tunda huliwa papo hapo mtini. Akachuma pea la Bibi, akaling'ata. Nusura aache jino.

"Madamu Kerbrat, hili ni tunda au jiwe?"

"Ni pea la majira ya baridi, bwana. Linachumwa sasa, linalazwa ghalani, linaliwa mwaka mpya ukiingia."

"Mti umezeeka. Tunaukata, tunapanda mwingine."

"Wewe ungemhukumu mtoto siku aliyozaliwa?"

Aubrac akacheka. "Haya, nisubiri hadi lini?"

"Hadi sikukuu ya Wafalme Watatu, Januari. Uje uonje. Usipoomba kipande cha pili, msumeno nitaushika mimi mwenyewe."

Maneno yalimtoka kabla hajafikiri.

Alilaza mapea kumi na mawili kwenye rafu ya ghala, yasigusane. Kila asubuhi aliyabonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo. Magumu. Kesho yake, magumu. Novemba ikaja siku ya Mtakatifu Catherine, siku ya kupanda miti, na wenzake wakamwandama.

"Solange, umeshanoa msumeno?"

"Nanoa ulimi wa kukujibu wewe, mvivu!"

Desemba mapea yakaanza kuoza kwa ndani, bila kuonyesha dalili kwa nje, akawa anayatupa moja moja. Asubuhi ya sikukuu yalibaki matatu. La kwanza lilikuwa limeoza. La pili, bado jiwe. La tatu likabonyea kidogo tu, hapo hapo penye kikonyo. Solange akalibeba kwa mikono miwili, huku akimwomba Mungu ambaye hakuwa amezungumza naye siku nyingi.

Aubrac alikuwa akimsubiri kwenye meza za sataranji. Anselme, tarishi mstaafu aliyecheza hapo kila siku, akainua kichwa.

"Leo anachinjwa nani, mti au mkuu?"

"Nyamaza, Anselme," Solange akasema, akakata pea.

Maji yakachuruzika mezani. Aubrac akatia kipande mdomoni, akafumba macho. Maji yakamtiririkia kidevuni hadi kwenye tai, asiyafute.

"Bwana?" Solange akauliza.

"Madamu, usinisemeshe." Akanyoosha mkono. "Nipe kingine."

Anselme akapiga meza, wafalme na askari wa mbao wakaanguka chini. Solange akacheka kwa sauti, machozi yakimtoka. Alikuwa ameshinda, na hakuona haya kufurahi mbele za watu.

"Ukistaafu, nani atauelewa mti huu?" Aubrac akauliza, angali anatafuna.

"Wewe. Vua koti. Huu ndio wakati wa kukata vijiti vya kubebeshea, tuviunge kwenye mche mchanga."

Mkuu wa bustani akapiga magoti kwenye udongo wa baridi mbele ya Bibi, kisu mkononi, na Solange akamsimamia kichwani.

"Mkato wa mshazari, bwana. Sio hivyo. Rudia."